Udongo wa Uani na Sumu ya Risasi



Somo letu la mara hii si la lugha wala la tarikhi. Ni la kitu kilicho karibu nasi mno, nacho ni udongo wa uani. Udongo ule ambao mama huufagia alfajiri, watoto huuchezea mchana kutwa, na nyuma ya jiko hupandwa mchicha na pilipili. Wengi wetu hudhani kwamba udongo, maadamu hauna uchafu unaoonekana wala uvundo, hauna madhara. Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Tohara ni hukumu ya sharia, na siha ni jambo la mwili. Udongo waweza kuwa tohara kabisa, ikajuzu mtu kutayamamu kwa udongo huo, na papo hapo ukawa na kitu cha kumharibia mtoto akili yake. Kitu hicho ni risasi. Haina harufu, haitambulikani ndani ya mchanga, wala mtu hawezi kuijua kwa kuitazama.

Kwa kusema risasi hatukusudii ile itokayo bundukini tu. Twakusudia madini yenyewe, yale mazito na laini ambayo mvuvi hufanyia chubwi za mishipi, mwashi hufanyia timazi, na ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa betri ya gari. Katika kila mafungu 100 ya risasi itumiwayo ulimwenguni leo, yapata mafungu 85 huingia katika betri. Basi penye magari pana betri, na penye betri kuukuu pana mtu wa kuzivunja. Fundi avunjaye betri nyuma ya nyumba yake, au mvuvi ayeyushaye risasi ndani ya kopo juu ya jiko la makaa ili amimine chubwi, huacha unga na moshi wake hapo hapo alipo, na watoto wake ndio wa kwanza kuupata. Njia ya pili ni rangi ya kale. Rangi nyingi za milango, madirisha na vyombo vya baharini zilitiwa risasi ili zing'are na zidumu. Zikibabuka, au fundi akizisugua kwa msasa, hudondoka chini ya ukuta. Njia ya tatu ni petroli. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge, nayo ikatoka kwa moshi ikatua kando ya barabara. Ilipoingia mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, Kenya ikiwamo, zilikuwa zimeiacha petroli ya namna hiyo, na nchi ya mwisho ulimwenguni kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Lakini moshi umekoma, na kilichotuliwa na moshi bado kipo.

Maana risasi haiozi, na hilo ndilo la kushikwa kabla ya mengine yote. Kinyesi cha mnyama hugeuka samadi, jani hugeuka udongo, hata mafuta hupungua kwa jua na vijidudu vya ardhini. Risasi ni madini; haina kitu cha kugeuka. Wala haizami mbali, bali hushikana na chembe za udongo na kubaki katika inchi chache za juu, yaani pale pale mguu unapokanyaga na mkono wa mtoto unapochimba. Ua uliotiwa sumu na babu waweza kumdhuru mjukuu ambaye hata hajui kwamba palikuwa na gereji.

Mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Hapa Mombasa, upande wa Mikindani, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi, pana kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji hicho, kikaendelea hata mwaka 2014. Moshi wake ulitua juu ya mabati ya watu, na maji yake machafu yakapita baina ya nyumba. Bibi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga alipougua, vipimo vilionyesha kuwa ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akasimama pamoja na wanakijiji kudai haki yao, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman wapewayo watetezi wa mazingira. Mwezi wa Julai 2020 Mahkama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ilihukumu kwamba wanakijiji walipwe shilingi 1,300,000,000 na udongo wa mahali hapo usafishwe. Mwaka 2023 Mahkama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahkama ya Juu ikairudisha.

Ihesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa akitambaa siku kiwanda kilipofungwa alikwisha timu miaka 10 siku Mahkama ya Juu ilipotoa hukumu. Hatusemi watu wasidai. Na wadai, na wasichoke, kwani aliyetia sumu katika ardhi ya watu ana deni lao. Tunalosema ni kwamba mahkama huenda kwa mwendo wake na mtoto hukua kwa mwendo wake, na baina ya mwendo huu na ule kuna kazi ambayo mwenye nyumba aweza kuifanya kwa ufagio, maji, jembe na gari moja la udongo safi.

Lakini afanye nini, na aanzie wapi? Jawabu hutegemea kujua sumu hii hupita wapi. Watu wengi wakisikia udongo una risasi, hofu yao ya kwanza huenda kwenye mboga. Hudhani kwamba mizizi hunyonya sumu na majani huileta mezani. Hilo lipo, lakini ni dogo. Njia kubwa ni mkono kwenda kinywani. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano hutia kila kitu mdomoni: vidole, kijiti, kiatu, tope lenyewe. Na mwili wake hupokea risasi aliyoimeza mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima, khasa akiwa na njaa, au akiwa na upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu. Ikisha kuingia, huenda katika damu na ubongo, kisha hujificha ndani ya mifupa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba mifupa yake huitoa tena, ikamfikia mtoto tumboni. Tena kuna desturi ya waja wazito kula udongo na yale mawe laini yauzwayo madukani. Hatuna haja ya maneno mengi juu yake: mja mzito asile udongo wa mahali popote pale, maana hakuna ajuaye umechimbwa wapi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama. Na ubaya wa maradhi haya ni kwamba kiasi kidogo hakina dalili. Mtoto hula, hucheza, hulala. Ila hukawia kusema, hawezi kutulia, na skuli haelewi afundishwayo, naye hupigwa kwa kuitwa mvivu. Kiasi kikubwa kikimpata ndipo huumwa na tumbo, hufunga choo, hupungukiwa na damu, na mwisho huanguka akatupa mikono na miguu. Hapo ndipo tunapoingia katika msiba wa pili, nao ni ule wa ujinga. Mtoto akianguka husemwa ni dege, au ni jini wa mtu, akapelekwa kwa mganga akafukizwa na kufungwa hirizi, kisha akarudishwa katika ua ule ule uliomwangusha. Si kila kuanguka ni risasi. Kuna homa ya malaria, kuna kifafa, kuna maradhi ya uti wa mgongo. Lakini yote hayo ni ya daktari, na siku moja ya kufukiza yaweza kuwa ndiyo siku iliyokuwa imebaki.

Katika jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, mwaka 2010, msiba huu ulidhihirika kwa namna ambayo haijapata kuonekana katika zama zetu. Watu wa vijiji vile walikuwa wakichimba dhahabu, na mawe yake yalikuwa yamechanganyika na risasi nyingi. Wakayaleta nyumbani, wakayatwanga na kuyasaga ndani ya nyua, mara nyingine kwa mashine zile zile za kusagia unga, na wake wasiotoka majumbani wakashiriki kazi hiyo huku watoto wako miguuni pao. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walipofika walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini walishikilia sharti moja: kwanza nyua za kijiji zisafishwe, ndipo watoto wake watibiwe. Maana mtoto akitibiwa kisha akarudi katika udongo ule ule, dawa imepotea bure. Wanakijiji wenyewe wakafundishwa, wakauchimba udongo wa juu wa nyua zao, wakauzika mahali maalumu, na pahali pake wakatia udongo safi. Mpangilio huo wa kutanguliza ua kabla ya dawa ndio tunaotaka msomaji aushike.

Senegal nako, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer ulio kando ya Dakar, watoto 18 walikufa baina ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Huko betri zilivunjwa miaka mingi, na bei ya risasi ilipopanda watu wakawa wanauchekecha udongo wenyewe ili wapate vipande vilivyosalia, na magunia yake wakayaweka majumbani.

Basi jambo la kwanza ni kuikata asili. Betri kuukuu isivunjwe nyumbani, wala risasi isiyeyushwe jikoni, wala mbao zilizopakwa rangi zisifanywe kuni za kupikia. Mwenye kufanya kazi ya betri au ya kupiga msasa rangi avue nguo za kazi huko huko kazini, aoge, na nguo hizo zifuliwe mbali na za watoto. Kwani wapo watoto waliougua na hawakukanyaga karakana hata siku moja, bali baba aliwaletea sumu katika mikunjo ya suruali. Na kwa kuwa tunataja yaingiayo nyumbani, baadhi ya wanja uuzwao masokoni umesagwa kutoka jiwe lenye risasi. Mtoto apakwaye hufikicha macho kisha hutia vidole kinywani. Tungependa akina mama wauache kwa watoto wadogo mpaka wajue umefanywa kwa kitu gani.

Jambo la pili ni kuufunika udongo ulio wazi. Kati ya yote haya ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Udongo usioguswa haumezwi, wala haupeperuki. Penye uwezo, itiwe saruji. Pasipo na uwezo, ukoka ukipandwa ukashika vyema hutosha. Au kokoto, au maganda ya mbao kwa unene wa kiganja na kuongezwa kila yanapopungua. Lililo bora kuliko hayo ni kutandika kitambaa kizito au magunia, kisha juu yake udongo safi wa kutosha. Pahali pa kuanzia ni chini ya kuta na chini ya michirizi ya bati, maana huko ndiko rangi na vumbi la paa hukusanyika. Kisha pahali wanapocheza watoto. Mtoto atengewe kisanduku cha mchanga safi kilicho na chini yake, kifunikwe usiku, naye atachezea hapo kwa furaha kuliko akikatazwa ua wote. Na mtu akinunua gari la udongo wa kujazia, amuulize muuzaji ulikotoka, asije akanunua sumu ya mtaa mwingine.

Wengine watapenda kuuchimba udongo wote na kuutupa. Penye sumu nyingi kama Owino Uhuru hapana budi kufanya hivyo, lakini ni kazi ya serikali na wataalamu, yenye pahali maalumu pa kuuzika. Mwenye kuuchimba usiku na kuumwaga katika kiwanja cha jirani au ufukoni hakuondoa madhara; ameyahamisha, na jirani ana haki.

Jambo la tatu ni vumbi la ndani. Sisi watu wa pwani tuna ada njema ya kuvua viatu mlangoni. Hiyo peke yake huzuia sehemu kubwa ya vumbi, nayo isiachwe kwa kuiga mageni. Lakini tuna ada nyingine isiyofaa, nayo ni kufagia kwa ukavu. Ufagio wa chelewa juu ya udongo mkavu huinua vumbi jembamba kuliko unga, likatua juu ya vyombo, mito na nywele za watoto. Uani panyunyizwe maji kwanza, na ndani ya nyumba pafutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Mikono ya mtoto ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na kucha zake zikatwe fupi.

Ama kilimo cha uani, hatukikatazi, kimewalisha wengi. Bali kiwe juu ya matuta yaliyoinuliwa kwa mbao zisizopakwa rangi au kwa matofali, yakajazwa udongo safi na samadi kiasi cha futi moja, na chini yake pametandikwa kitambaa. Asiyeweza hayo achague mimea yake. Nyanya, bamia, biringani, ndimu na maembe hazina khatari kubwa, kwani risasi haipandi kwa wepesi mpaka katika tunda. Mchicha, sukuma wiki na mnavu hushika vumbi juu ya majani. Zioshwe mara kadha wa kadha, na majani ya chini yaliyogusa ardhi yatupwe. Viazi, karoti na muhogo ndivyo vya kuepukwa katika udongo wa mashaka, maana hukaa ndani yake. Na vikiliwa vimenywe maganda. Tusisahau kuku. Kuku huchakura na kumeza udongo siku nzima, na wachunguzi wa Marekani na Australia wameikuta risasi katika mayai ya kuku wa uani kuliko ya dukani. Kuku nao wafanyiwe banda juu ya ardhi iliyofunikwa.

Samadi na mboji husaidia kwa njia mbili: huipunguza risasi kwa kuichanganya, na huishika isiachane na udongo. Fosfeti hufanya zaidi. Mwaka 2011, katika mtaa wa South Prescott mjini Oakland, California, unga wa mifupa ya samaki ulichanganywa na udongo wa nyua za watu. Fosfeti iliyomo hushikana na risasi ikawa kama jiwe ambalo tumbo haliwezi kuliyeyusha kwa wepesi. Kisha juu yake wakafunika. Sisi tulio na mifupa ya samaki tele twaweza kuvutiwa na khabari hii, lakini mifupa iliyotupwa nzima nzima si dawa. Sharti isagwe, ichanganywe kwa jembe, na ua ufunikwe vile vile. Chokaa nayo hufaa mahali penye udongo wenye asidi, kama sehemu nyingi za bara. Udongo wetu wa matumbawe una chokaa ya kutosha wenyewe.

Akiuliza mtu: Je, maziwa hayaiondoi sumu hii, nasi twasikia wafanyakazi wa viwandani hupewa maziwa? Twajibu: hayaiondoi. Chakula chenye kalsiamu na madini ya chuma, kama maziwa, dagaa, kunde na mboga za majani, humfanya mtoto apokee risasi kidogo kuliko mwenye njaa, kwa hivyo mtoto asitoke kucheza bila kufungua kinywa. Lakini risasi iliyokwisha ingia haitolewi kwa maziwa, na tajiri ampaye mfanyakazi bilauri ya maziwa badala ya kinga ya pua na maji ya kuogea amemdanganya.

Akiuliza: Nami ni mpangaji, ua si wangu, nifanye nini? Twajibu: kufunika, kunyunyiza, kuvua viatu na kuosha mikono hakuhitaji idhini ya mtu. Yaliyobaki ni juu ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ajuaye kwamba uani mwake palivunjwa betri, kisha akapangisha akanyamaza, hana tafauti na muuzaji afichaye aibu ya bidhaa yake. Ila huyu hula mali ya mtu, na yule hula akili ya mtoto wa mtu.

Yuko atakaye kujua kwa yakini. Udongo hupimwa katika maabara yenye vyombo vya kupimia madini. Achukue wa juu, kiasi cha inchi moja, kutoka sehemu tano au sita za pahali wachezapo watoto, auchanganye, autie katika mfuko safi na kuandika ulikotoka. Wa chini ya kuta autie mfuko wake, na wa shamba la mboga, kina cha inchi sita, mfuko wake. Jawabu huja kwa miligramu katika kilo. Udongo ambao haukuchafuliwa kwa kawaida huwa na 10 mpaka 50. Marekani walikuwa na kipimo cha 400 kwa nyua za watu tangu mwaka 1994, na Januari 2024 wakakishusha hata 200, ambayo ni kama uzito wa punje 8 za mchele ndani ya kilo nzima ya udongo. Asiye na njia ya kupima, na ua wake uko karibu na gereji, au barabara kuu ya zamani, au nyumba ya rangi ya kale, na autendee kana kwamba una risasi. Hatapata khasara yoyote kwa kuufunika.

Na mtoto apimwe damu, si kwa kutazamwa macho. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa mwaka 2021, kikionekana kiasi cha mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, asili yake itafutwe na kukatwa. Kikifika 45, daktari humpa mtoto dawa za kuivuta risasi itoke. Cheti chenye tarehe na hesabu kihifadhiwe nyumbani, na baada ya ua kufunikwa mtoto apimwe tena kwa muda atakaosema daktari. Hesabu ikishuka, kazi ya uani imefaa. Ikikaa pale pale, kuna mahali palipoachwa wazi, nako kutafutwe: nyuma ya choo, chini ya mkungu, au kwa jirani anakokwenda kucheza.